Ulaya na viwanda vya kijani: ni China, ni Trump, ni gesi au wamejifunga wenyewe?

#1 Mhunzi wa Kurasini

Habari za jioni wakuu. Kuna jambo linanisumbua na najua humu kuna watu wanaishi huko huko, wengine wako kwenye madini, mje mnifungue macho.

Ulaya ndo waliotuhubiria mazingira miaka yote. Sheria wakatunga, ruzuku wakatoa, wakasema ikifika 2050 moshi basi. Sasa tazama mwaka 2025 peke yake. Mwezi wa tatu Northvolt wa Sweden, ambao walikuwa tegemeo la betri za Ulaya nzima, wakaenda kuomba kufilisika. Mwezi wa sita ArcelorMittal wakasema hawajengi tena mitambo ya chuma cha kijani Bremen na Eisenhüttenstadt, na hapo serikali ya Ujerumani ilishawaahidi ruzuku ya euro bilioni 1.3, wameiacha mezani. Mwezi wa kumi na mbili Tume ya Ulaya wamefuta ile marufuku ya magari ya petroli ya 2035.

Mtu anaachaje bilioni 1.3 za bure?? Mimi nachomelea mageti, nikiahidiwa hata laki tano nalala mlangoni kwa anayetoa.

Dai langu ni moja, ni China. Amewakaba kwenye madini na amewakaba kwenye bei, mengine yote porojo. Mwenye hoja nyingine aje nayo ila aje na ushahidi, matusi abaki nayo.

#2 Kijiwe_Nongwa

Nimewahi siti ya mbele, kahawa hii hapa na kashata.

#3 Mgeni wa Duisburg

Mkuu Mhunzi hiyo ruzuku sio ya bure kama unavyofikiria. Ngoja nieleze maana naishi jirani kabisa na matanuru haya, nikifungua dirisha nayaona.

Chuma cha kawaida unachoma koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa, kaboni inang'oa oksijeni kwenye mawe ya chuma, inatoka hewa ukaa kwa wingi. Chuma cha kijani unatumia haidrojeni badala ya koki na kinachotoka ni mvuke wa maji. Safi. Ila haidrojeni yenyewe unaipata kwa kupasua maji kwa umeme, na inakula umeme balaa. Sasa umeme wa huku ni bei gani? Ripoti ya Mario Draghi, mkuu wa zamani wa Benki Kuu ya Ulaya, ya Septemba 2024 ilisema viwanda vya Ulaya vinalipa umeme mara mbili mpaka tatu ya Marekani, na gesi mara nne mpaka tano. Hapo unashindana na nani?

Na kilichopandisha wala sio China. Ni gesi ya Urusi. Kabla ya vita ilikuwa zaidi ya asilimia 40 ya gesi yote ambayo Umoja wa Ulaya unaagiza nje, halafu 2022 ikakatika, Agosti ile bei ikapita euro 300 kwa megawati saa moja wakati miaka ya nyuma ilikuwa inacheza chini ya 30. Viwanda vingi havijapona mpaka leo. BASF, kampuni ya kemikali, pale Ludwigshafen wamefunga mtambo wa amonia, na wakati huo huo wakajenga eneo zima la viwanda Zhanjiang, China, lililopangiwa mpaka euro bilioni 10.

Ruzuku ya kujenga halafu umeme ghali, ni sawa na kupewa jiko la gesi bure wakati mtungi hujui utaujaza kwa shilingi ngapi.

#4 Kijiwe_Nongwa

Mkuu wa Duisburg kumbe hata huko mtungi unawatesa, mi nilijua ni Mbagala tu.

#5 Nyanda wa Skellefteå

Hapo kwenye umeme napingana. Mimi nipo kaskazini ya Sweden, umeme wa huku ni wa mito na ni miongoni mwa wa bei ya chini Ulaya nzima, ndo maana Northvolt walikuja kujenga huku kwenye baridi kali mtu hatamani kutoka nje. Na bado wameanguka. Kwahiyo kama tatizo ni umeme tu mbona hawa wamekufa?

Walikusanya mtaji kama dola bilioni 15 kwa jumla. Wateja walikuwepo, Volkswagen wamo, BMW wamo. Betri ya kwanza ilitoka Desemba 2021, ila kutoka kutengeneza betri moja hadi kutengeneza maelfu kila siku zisizo na kasoro ndo mtihani. Juni 2024 BMW wakafuta oda ya euro bilioni 2 kwa sababu mzigo haufiki kwa wakati. Mashine nyingi zimetoka China na Korea, na wataalamu wa kuziendesha walitoka huko huko. Halafu badala ya kutulia na kiwanda kimoja kifanye kazi wakataka cha Ujerumani, cha Canada, cha Poland, vyote kwa mpigo.

Hapo China hajafanya kosa lolote, alianza tu miaka mingi nyuma. Jamaa hawakujua kazi, wakajifanya wanajua.

Mji wenyewe huu nyumba zilipanda kodi, watu wamekopa wakajenga za kupangisha, sasa zipo zinaangalia theluji.

#6 Da Mwasiti

Mleta uzi weka rekodi sawa kidogo maana watu watanukuu.

Northvolt walianza na mahakama ya Marekani Novemba 2024, ile ya kuomba kulindwa na wadai, ya Sweden ya Machi 2025 ndo ilikuwa mwisho. Na Agosti 2025 kampuni ya California inaitwa Lyten ikatangaza inanunua mali zao. Pili, 2035 haijafutwa. Ni pendekezo la Desemba 2025, kwamba badala ya kupunguza moshi wa magari mapya kwa asilimia 100 iwe 90, na pendekezo la Tume linapita Bungeni na kwa nchi wanachama kwanza. Pendekezo na sheria ni vitu viwili.

#7 Mhunzi wa Kurasini

Da Mwasiti shikamoo, ila anayelegeza kamba leo kesho anaiachia. Hoja yangu iko palepale.

#8 Kilimo_Kwanza_Madini_Baadae

Mleta uzi yuko sahihi mnamzunguka bure. Ulaya wenyewe wameona China ni tatizo ndo maana wameweka ushuru wa asilimia 100 kwenye magari ya umeme ya Mchina.

#9 Da Mwasiti

Asilimia 100 ni Marekani na Canada, 2024. Ulaya ni tofauti kwa kila kampuni kuanzia mwisho wa Oktoba 2024: BYD 17, Geely 18.8, SAIC 35.3, hata Tesla anayetengenezea Shanghai kapigwa 7.8. Hizo zinaongezwa juu ya zile 10 za kawaida. Na Ujerumani ilipiga kura ya HAPANA, jiulize kwa nini nchi yenye viwanda vikubwa vya magari inakataa kulindwa. Sababu wanauza magari yao China na wanaogopa kulipiziwa. Na kweli China akajibu, akaenda kwenye brandi ya Wafaransa, nyama ya nguruwe na maziwa. Mkulima wa zabibu huko Cognac gari la umeme linamhusu nini?

Kingine, BYD anajenga kiwanda Szeged na CATL wa betri anajenga Debrecen, zote Hungaria. Ukiweka ushuru mlangoni anaingia ndani na kufungua duka.

#10 Kasongo ya Kolwezi

Jambo bandugu. Miye niko Kolwezi, nasoma hii uzi tangu asubui. Mwenye kusema China njo anakamata koo ya Ulaya, ni kweli lakini si yote. Kobalti inatoka huku kwetu, karibu robo tatu ya dunia yote. Tarehe 22 ya mwezi wa pili 2025 Kinshasa ikafunga kuuzisha inje, juu bei ilianguka sana. Ikaongeza tena miezi, kisha tarehe 16 ya mwezi wa kumi ikaleta kota: tone 18,125 kwa mwaka ule wenye ulikuwa unaisha, na 96,600 kwa 2026, na vilevile 2027. Kwa hiyo si China tu yenye kufunga robine, na siye tulifunga.

Lakini mutazame nani iko na ile migodi. CMOC ya China iko na Tenke Fungurume na Kisanfu. Glencore ya Uswisi iko na KCC na Mutanda. Batu ya Brisele banakuja, balisainia makaratasi na siye mu 2023, banapiga foto pa reli ya Lobito, yenye kuenda bandari ya Angola, banarudia kwabo. Bakrezeri, bachimbaji ba mikono, bangali banashuka mu mashimo na kuuzisha kwa negosia, mulanguzi, kwa bei yenye anataka yeye.

Munasema kijani, kijani. Huku vumbi ya barabara ya malori ni nyekundu.

#11 Fundi_Betri_Arusha

Asante sana ndugu Kasongo, hii ndo raha ya uzi.

Ila nikuongezee, hiyo kota ina upande mwingine. Betri za LFP, za chuma na fosfati, hazina kobalti wala nikeli kabisa. Kadiri kobalti inavyokuwa na vurugu ndivyo wenye magari wanavyokimbilia LFP kwenye gari za bei ya chini, na LFP mwenyewe ni nani? China tena, karibu zote. Stellantis alipotaka kiwanda cha LFP Zaragoza, Hispania, Desemba 2024 aliungana na CATL, euro bilioni 4.1. Kwahiyo Kongo akifunga bomba, anayefaidika anaweza kuwa yule yule aliyetaka kumbana.

#12 Kasongo ya Kolwezi

Fundi, ile tunaijua. Lakini kama hatufunge, bei inaanguka, serikali inakosa falanga. Tukifunga, banaenda kwa LFP. Utuambie tufanye je?

#13 Fundi_Betri_Arusha

Ningekuwa nalijua jibu ningekuwa Kinshasa na suti.

#14 Mama Ntilie wa Stuttgart

Hamjambo. Mimi sio msomi ila nimo ndani ya hili jambo, nafanya kazi kwenye kiwanda (sikitaji) kinachotengeneza mota ndogo ndogo za gari, za kioo, za usukani, za siti. Mtu hafikirii lakini gari moja lina mota kibao na nyingi zina sumaku.

Sumaku hizo ni za neodimiamu, halafu unatia disprosiamu au terbiamu kidogo ili zisipoteze nguvu zikipata joto. Kidogo tu. Sasa Aprili 2025, Trump katangaza mavita yake ya ushuru na China akajibu kwa kuweka leseni kwenye aina saba za madini adimu pamoja na sumaku zenyewe. Hakumlenga Mjerumani, alimlenga Mmarekani, ila leseni ni ya dunia nzima. Ofisini kwetu watu wakaanza kujaza fomu, fomu inauliza sumaku inaenda kwenye bidhaa gani, mteja nani, picha ya mashine, mabosi wakasema hii sasa ni kutoa siri ya kazi. Mwezi wa sita chama cha watengeneza vipuri Ulaya, CLEPA, kikasema kuna mistari ya uzalishaji imeshasimama. Sisi tukawekwa masaa mafupi, unafanya kazi nusu serikali inafidia sehemu ya mshahara. Nashukuru kuna hilo, ila nyumbani wanakotegemea hela ya ada hawaelewi masaa mafupi ni nini.

Oktoba China akaongeza makali tena, Trump na Xi wakakutana Busan tarehe 30, makali hayo mapya yakasimamishwa kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja! Kiwanda kinapanga miaka kumi mbele halafu malighafi yako ina ruhusa ya mwaka mmoja.

Kwahiyo mimi namuunga mkono Mhunzi lakini nusu. Aliyechokoza ni Trump.

#15 Mzee wa Data

Ongezea na Nexperia, mama. Kampuni ya vidude vya umeme (chipu) ya Nijmegen, Uholanzi, mwenye nayo Mchina. Mwisho wa Septemba 2025 serikali ya Uholanzi ikashika usukani wake kwa sheria ya zamani ya wakati wa vita baridi, China akazuia bidhaa zilizofungashiwa kwake zisitoke, viwanda vya magari vikaanza kuhesabu siku. Novemba Waholanzi wakasitisha ile amri. Kidude chenyewe kina thamani ya senti.

#16 Kijiwe_Nongwa

Sasa hawa Ulaya si wachimbe ya kwao? Au hawana mashimo?

#17 Nyanda wa Skellefteå

Wanayo. Huku huku kwetu Kiruna, LKAB walitangaza Januari 2023 kwamba wana akiba ya zaidi ya tani milioni moja ya oksidi za madini adimu, dunia ikashangilia. Kilichosahaulika ni kwamba bosi wao siku hiyo hiyo alisema itachukua miaka 10 mpaka 15 kabla hujaona kitu sokoni. Kuna Wasami, wenyeji wa asili wa huku, wanachunga reindia (kulungu wa nchi za baridi) na mgodi unakata njia ya mifugo yao. Mji wenyewe unahamishwa kwa ajili ya mgodi wa chuma, Agosti 2025 kanisa la mbao zima zima lilipakiwa kwenye magurudumu likaendeshwa kilomita 5. Nilienda kulitazama, lilitembea taratibu kuliko harusi ya pwani.

Ureno kuna lithiamu Barroso, wanakijiji wamegoma. Serbia (haimo kwenye Umoja) kuna Jadar ya Rio Tinto, watu walijaa barabarani mpaka Novemba 2025 kampuni ikauweka mradi kabatini. Kila mtu anataka gari la umeme, shimo likachimbwe kwa jirani.

Sheria wanayo ya Mei 2024: ikifika 2030 wachimbe wenyewe asilimia 10 ya wanachotumia, wasafishe 40, warejeleze 25, na wasitegemee nchi moja zaidi ya 65. Kwenye karatasi imependeza.

#18 Mzee wa Data

Na kuchimba sio shida kubwa, shida kusafisha. Watu wanasahau kwamba miaka ya 80 kiwanda cha La Rochelle, Ufaransa, kilikuwa kati ya vikubwa duniani kwa kutenganisha madini adimu. Kazi ile ni chafu, ina tindikali na mabaki yenye mionzi, wakaona bora China afanye kwa bei poa. Walimkabidhi wenyewe. Sasa hivi Solvay wanajaribu kukifufua palepale, na Narva, Estonia, kimefunguliwa kiwanda cha sumaku Septemba 2025. Wameanza, ila ni kidogo.

Kwahiyo Mhunzi, kabla ya kusema wamekabwa uliza nani alimpa mwenzie kamba.

#19 Songwe Yetu

Naona mnataja nchi za watu, mbona hamtaji Ngualla? Iko kwetu Songwe, madini adimu yenye neodimiamu. Kampuni ya Australia, Peak, ilikuwa nayo miaka na miaka, mpango wao wa mwanzo ulikuwa mzigo ukasafishwe Teesside, Uingereza, hata eneo walishapata. Pesa ya kujenga haikutoka. 2025 kampuni nzima imenunuliwa na Shenghe ya China. Wazungu walikuwa na nafasi ya kushika mzigo wa Tanzania mkononi, wakawa wanaandika ripoti.

Angalia na nikeli ya Kabanga kule Ngara, BHP waliingia kwa mbwembwe, 2025 wakatoka, Lifezone wamebaki wanatafuta mtaji. Nikeli ya Indonesia imejaa sokoni bei imelala, nani atoe hela? Na kwenye kinywe (grafiti) cha Mahenge mmoja wa waliomo ni POSCO wa Korea.

Kwahiyo mimi nasema tatizo lao sio China wala Trump, ni UOGA WA HELA. Mchina anaweka mzigo mezani na anakubali kusubiri, hawa wanataka faida ionekane kesho.

#20 Kilimo_Kwanza_Madini_Baadae

Songwe Yetu na sisi kusafisha tunasafisha wapi? Au tunasubiri nani atanunua mchanga?

#21 Songwe Yetu

Usinichokoze, huo ni uzi mwingine kabisa.

#22 Mswahili wa Matola

Nimepita humu kimya kimya ila kwenye unafiki wa Ulaya lazima niseme. Wana ushuru wa kaboni mpakani, ulianza kwa majaribio Oktoba 2023, tangu 1 Januari 2026 ni kulipa kweli. Saruji, chuma, aluminiamu, mbolea, umeme, haidrojeni. Ukiwauzia wanauliza ulitoa moshi kiasi gani na mnunuzi analipia. Msumbiji tuna kiwanda cha Mozal hapa nje ya Maputo, aluminiamu yake nyingi ilikuwa inaenda Ulaya. Nchi maskini inalipishwa moshi na watu waliochoma makaa miaka 200. Wanaita mazingira, mimi naita kufunga soko.

#23 Da Mwasiti

Mswahili, uchungu wako ni halali, ila Mozal haikubanwa na ushuru huo. South32, wenye kiwanda, walisema wanaisimamisha Machi 2026 kwa sababu hawakuelewana bei ya umeme. Kiwanda kile kilikuwa kinakula umeme wa bwawa la Cahora Bassa unaopitia Eskom ya Afrika Kusini.

Na huo ushuru una upande wa ndani ambao hausemwi. Viwanda vya Ulaya vilikuwa vinapewa vibali vya moshi bure, sasa vinaondolewa kidogo kidogo mpaka 2034. Yaani wanajibana na wao. Ndo maana wenye viwanda huko wanalalamika kuliko hata wewe.

#24 Mswahili wa Matola

Umeme huo huo wa mto wetu, unatoka kwetu unaenda Afrika Kusini unarudi kwetu kwa bei nyingine. Sawa dada, ngoja ninyamaze nisije nikapandwa na presha.

#25 Otis wa Nakuru

Wasee niaje. Mimi naona mnalia sana. Hiyo China mnaiita mkabaji ndiyo imefanya mimi niweke sola kwa nyumba. Ulaya walishajaribu hiyo story ya ushuru, 2013 waliwekea paneli za China, 2018 wakatoa wenyewe. Viwanda vyao vya sola vilikuwa vimekufa tayari. Meyer Burger akafunga Freiberg 2024, mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Lakini paneli bei ikashuka, na 2024 umeme wa jua Ulaya ukapita wa makaa ya mawe kwa mara ya kwanza. Sasa hiyo ni kushindwa ama ni kushinda? Kiwanda kimekufa, moshi umepungua. Chagua moja.

Alafu umeme wetu Kenya karibu asilimia 90 ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, mito, upepo na jua. Mbona hawaleti hicho kiwanda cha chuma kijani huku buda?

#26 Mgeni wa Duisburg

Otis swali lako ni zito kuliko unavyodhani, kuna wachumi huku wanasema hivyo hivyo: ile hatua ya kutoa oksijeni ifanyike kwenye jua na upepo mwingi, Ulaya ije kuyeyusha tu. Vyama vya wafanyakazi vikisikia hivyo vinawasha moto. Thyssenkrupp hapa mjini Novemba 2024 walitangaza kupunguza nafasi 11,000 za kazi kitengo cha chuma, sehemu kwa kufuta na sehemu kwa kuzihamishia kampuni nyingine. Mwambie baba mwenye watoto watatu kwamba nusu ya tanuru inahamia jangwani.

#27 Bin Seif Muscat

Jangwani ndo kwetu hehe. Oman walianzisha Hydrom 2022, wanagawa vitalu vya kuzalisha haidrojeni Duqm na Dhofar, na Wajerumani na Waholanzi wameshakuja kusaini mambo ya kuisafirisha. Ila wazee wa hapa barazani wanasema kusaini kila mtu anajua, tusubiri meli.

#28 Nyanda wa Skellefteå

Mgeni wa Duisburg nikurudishe #3. Ulisema ruzuku ni ya kujenga tu. Hao Thyssenkrupp wako walikubaliwa 2023 kama euro bilioni 2, milioni 550 za kujenga na mpaka bilioni 1.45 za kufidia bei ya haidrojeni. Za KUENDESHA. Na Machi 2025 wakasimamisha zabuni ya kununua haidrojeni kwa sababu bei walizoletewa zilikuwa juu mno hata ukiweka ruzuku. Kwahiyo mtungi walishajaziwa na bado wamekataa kupika.

#29 Mgeni wa Duisburg

Hiyo si ndo inathibitisha kwamba umeme ghali?

#30 Nyanda wa Skellefteå

Inathibitisha kwamba haidrojeni haipo sokoni, hayo ni mambo mawili tofauti. Hata hapa Boden, karibu na umeme wa mito, Stegra wa chuma cha kijani walikuwa wanahangaika 2025 kutafuta hela za kumalizia kiwanda.

#31 Mama Ntilie wa Stuttgart

Mnagombana wanaume wawili wenye baridi. Msisahau maji. Agosti 2022 mto Rhine pale Kaub ulishuka chini ya sentimita 40 kwenye kipimo, majahazi ya kemikali na makaa yakapita na robo ya mzigo. Ukiongea viwanda vya Ujerumani unaongea huo mto. Na Debrecen, Hungaria, wananchi waliandamana kwa sababu kiwanda cha betri kitakunywa maji yao. Hiyo sio China wala Trump, mvua haina passi ya kusafiria.

#32 Mzee wa Data

Turudi kwa Trump, mmemwacha kirahisi. Chuma na aluminiamu: asilimia 25 Machi 2025, 50 kuanzia 4 Juni. Julai 27 Ursula von der Leyen, Rais wa Tume ya Ulaya, akaenda Turnberry, Scotland, kwenye uwanja wa gofu wa Trump mwenyewe, wakakubaliana 15 kwa bidhaa nyingi, vyuma vikabaki 50. Na Ulaya ikaahidi kununua nishati ya dola bilioni 750, gesi ya kusafirishwa kwa meli, mafuta, nyuklia. Hivi unaacha gesi ya Urusi, unasema unaenda kijani, halafu unaahidi bilioni 750 na gesi ya Texas ikiwemo?

Chuma kilichokosa soko Marekani kikatafuta mlango Ulaya, ndo Oktoba wakapendekeza na wao: tani milioni 18.3 zinaingia bila ushuru, ikizidi hapo asilimia 50. Kila mtu sasa ana 50 yake.

Halafu kuna kituko cha skrepa. Trump alipiga ushuru aluminiamu lakini skrepa akaiacha. Basi skrepa ya Ulaya inavutwa kwenda Marekani, wakati kuyeyusha skrepa kunaokoa mpaka asilimia 95 ya nishati ukilinganisha na kuanza na mawe. Malighafi ya kijani kuliko zote inapanda meli.

#33 Mhunzi wa Kurasini

Hapo kwenye skrepa umenigusa. Hapa Dar skrepa tunaijua inavyokwenda, mfuniko wa chemba ukiuacha bila zege asubuhi haupo. Ila nimesoma wote, nimekunywa maji, bado naona China. Mmeongea gesi: BASF kakimbilia wapi? China. Mmeongea Northvolt: mashine za wapi? China. LFP China, sola China, sumaku China, Ngualla China. Mnazunguka mnarudi kwangu.

#34 Songwe Yetu

Kwa hesabu hiyo hata mageti yako ni China maana elektrodi unazochomelea zimetoka huko.

#35 Mhunzi wa Kurasini

Ni kweli na mashine pia 😂

#36 Da Mwasiti

China ipo kila mahali kwenye orodha yako kwa sababu ilijenga kila mahali. Swali ni kwa nini wengine hawakujenga, na hapo kila mtu humu ana jibu lake: gesi, uoga wa hela, uchafu, wanakijiji, kutojua kazi. Mimi nalala upande wa Songwe Yetu lakini sijashawishika moja kwa moja, maana Northvolt hela walipewa.

#37 Otis wa Nakuru

Swali la pembeni. Nataka kuagiza Nissan Leaf iliyotumika. Betri ikiisha nguvu natupa wapi? Na hao Ulaya zao wanapeleka wapi?

#38 Fundi_Betri_Arusha

Huko zinasagwa, unabaki unga mweusi wenye nikeli, kobalti na lithiamu. Wanataka unga huo ubaki ndani, kwa sheria wanauhesabu kama taka hatarishi ili usiende Asia kirahisi. Shida betri zilizokufa bado chache, viwanda vya kusaga vinakosa cha kusaga.

Huku usitupe. Leaf ikichoka barabarani zile moduli zina uhai mwingine kwenye sola ya nyumbani. Mwenye betri ya Leaf iliyochoka ani-PM, nanunua, Arusha na Moshi nafuata mwenyewe.

#39 Kasongo ya Kolwezi

Fundi unanunua bei gani kwa kilo? Kobalti ya ndani tulikuuzishia siye.

#40 Msimamizi

Matangazo ya kununua na kuuza yana jukwaa lake. Posti ijayo ya betri naifuta.

#41 Fundi_Betri_Arusha

Mkuu sio tangazo, nachangia mada. Otis, umeangalia baa ngapi za uzima wa betri zimebaki kwenye dashibodi? Chini ya nane usichukue.